Mbuzi wa Afua

Nilimnunua mnada wa Pugu, Jumamosi,
jike, mweusi, na baka jeupe sikioni.
Muuzaji akauliza, "Wa biashara?"
Nikasema, "Wa akika. Nimepata binti."
Akanipunguzia elfu tano, na dua juu.

Jumatatu Afua akafa.
Siku ya tano. Hospitali ya Temeke,
kitanda cha tatu toka mlangoni.
Daktari alivua miwani kwanza, ndipo akasema,
nami nikabaki naitazama miwani.

Nilimpakata mwenyewe kwenye bajaji ya Mbwana,
sanda yake mikono miwili ya bafta,
mwepesi kuliko pakiti ya vijiti vya kuchomelea.
Mbwana hakupiga honi hata mara moja
hadi makaburini.

Nikasema: Inna lillahi.
Ulimi uliwahi. Ulimi wangu umepita madrasa,
unaijua njia. Moyo ulibaki nyuma
kama mtoto aliyegoma kutembea;
nikawa naugeukia: njoo. Haukuja.

Watu wakaja na maneno yao.
"Kazi ya Mola haina makosa."
"Amewatangulia, atawapokea mlangoni."
Kweli tupu. Lakini kweli nayo
ikimiminwa ya moto huunguza.

Na usiku mbuzi akalia.
Yombo nzima imelala, feni zinazunguka,
yeye kafungwa kwenye geti la mteja
ambalo sijalitia bawaba,
analia kama aliyeahidiwa kitu.
Dirishani wembe mpya, bado kwenye karatasi yake,
wa kumnyolea mtoto siku ya saba.

Nikamwambia Sikudhani, "Kesho namrudisha Pugu."
Hakujibu. Maziwa yalikuwa yamelowesha kanga yake.
Yenyewe hayajapata habari.

Neno "lau" lilinikaa kooni kama mwiba wa changu:
lau tungetoka mapema,
lau si foleni ile ya Buguruni,
lau.
Najua linamfungulia nani mlango.
Mimi fundi milango; huo ulinishinda kuufunga.

Ustadhi Shomvi akapita, hakukaa.
"Kwa tulivyosoma sisi, akika haijafa.
Ni haki ya mtoto, hata akitangulia.
Mchinje siku yake."

Siku ya saba nikanoa kisu.
Bismillahi, hii ni akika ya Afua.
Ndiyo mara ya kwanza kulitamka jina mbele ya watu.
Wazee husema afua ni mbili, kufa na kupona;
nilipolichagua nilisikia moja tu.

Nikachukua shoka. Sikudhani akatoka ndani,
mara ya kwanza toka juzi, kashika ukuta:
"Usivunje mfupa. Wa akika havunjwi.
Tafuta kiungo."

Nikaweka shoka chini.
Nikapapasa goti, nyonga, bega,
natafuta kwa ncha ya kisu mahali
ambapo Aliyeumba aliacha nafasi ya kuachana.
Ipo. Ukitulia, ipo.
Kisu kikapita bila kishindo,
mfupa ukatoka mzima, mweupe.

Kazi yangu mimi ni kuunga.
Miaka kumi na moja sikuwahi kufundishwa kutenganisha.

Sisemi nimeridhia. Ridhaa ni neno kubwa,
nalisogelea kwa magoti.
Nasema tu tulipika, tukagawa nyumba kumi na nne,
na jirani akarudisha sahani yetu na vitumbua vitatu ndani,
na Sikudhani akala kimoja, akanimegea cha pili.
Mifupa nikaizika nyuma ya banda.

Alfajiri nikasujudu.
Nilipoinuka nilihisi kitu kimenifikia ubavuni,
kimechoka, kina vumbi la njiani.
Sikugeuka kukitazama.
Nikasogea kidogo,
kikapata nafasi kwenye mkeka.